Mnyama wa Vitana na Ndama Wetu

"Na kina faida gani?" Baba aliniuliza, akinirudishia simu. Niliiweka mfukoni.

Nilikuwa nimemwonyesha video ya kiumbe cha baharini nilichokisomea chuo kikuu. Ni kidogo kama yai la kuku, kinafanana na jelifishi ila hakiwashi. Kina safu nane za vitana vinavyopiga maji ili kisogee, na mwanga ukivigusa vinameta rangi zote. Hakina ubongo wala moyo. Kimoja hicho hicho ni dume na ni jike, na kikishiba hutaga kila siku. Hayo niliyajua vizuri. Kazi ya kuyatumia ndiyo sikuipata, kwa hiyo nilikuwa nyumbani Noonkopir.

Mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu. Tulikuwa tumebaki na ng'ombe mmoja, mwenye mimba, na Baba alitegemea maziwa yake tangu alipoachishwa kazi kiwandani. Ng'ombe huyo alizaa asubuhi moja, akashindwa kusimama. Jirani yetu, mama mzee wa Kimaasai tuliyemwita Koko, yaani bibi, alimtazama ndama, kisha akamwambia Baba amchinje kabla hajanyonya. Kwao, mwaka ukiwa mbaya, ndama hutolewa ili mama abaki.

Mimi ndiye niliyebisha. Nilimuuliza Koko nani aliwahi kuhesabu ng'ombe waliopona kwa njia hiyo. Nikasema ndama anyonye kidogo tu, na tutamwongezea uji.

"Entito," Koko aliniambia, yaani msichana, "wewe umesoma maji. Huyu ni ng'ombe."

Baba alicheka kidogo, lakini akanisikiliza mimi. Alikuwa amenisomesha miaka minne. Nadhani alitaka masomo hayo yafae kitu, hata zizini.

Ndama alinyonya. Siku ya nne alianza kuhara ule uji. Mama yake aliendelea kumlamba, mbavu zimemtoka. Asubuhi na jioni tulimwinua huyo mama, Baba akisukuma bega, mimi nikivuta mkia, mpaka siku ya sita tulipomwinua akalala tena papo hapo. Hakuamka. Ndama alimfuata baada ya siku mbili. Koko alikuja na kisu kutusaidia kuchuna, na hakuniambia nilichostahili kuambiwa. Heri angesema.

Baba hakufuga tena. Anakunywa chai ya rangi na kusema ameizoea.

Mimi bado sina kazi. Mwezi uliopita, nikisoma tu kupitisha muda, nilikuta jambo ambalo halikuwa kwenye noti zangu. Kiumbe kile kina jamaa yake anayeishi bahari za kaskazini. Huyo huendelea kutaga hata chakula kinapokaribia kwisha. Kikisha, huwameza watoto wake, na kwa hao huishi majuma machache zaidi.