Neno Moja Katika Wasifu wa Tata

Nafundisha Kiingereza hapa Nyeri, na somo la viambishi tamati ndilo nilipendalo kuliko yote. Huwaambia wanafunzi kwamba -ful hujaza na -less hupokonya. Chukua care, uangalifu: ukiitia -ful umepata mtu mwangalifu, ukiitia -less umepata mzembe. Wao hucheka, nami nasonga mbele.

Kisha tata yangu, dada wa baba, akafariki kule Wang'uru, Mwea. Hakuzaa. Mama alipokufa, yeye ndiye aliyetulea, mimi na binamu zangu kadhaa, kwa kuuza mchele kando ya barabara.

Kwetu wasifu wa marehemu huchapishwa kwa Kiingereza, hata kama nusu ya waombolezaji hawakijui. Ndiyo heshima. Binamu yangu wa Kerugoya, aliyekula wali wa tata kila likizo, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akaniletea rasimu niipitie. Sarufi ilikuwa safi. Ila pale penye watoto waliandika neno moja: childless, asiye na mtoto.

Nilimwambia aliondoe. Akasema kila wasifu una sehemu ya watoto, na ukiiacha tupu watu wataanza kuulizana.

"Mwalimu, si ni ukweli?" akaniuliza. "Ama unataka tudanganye watu mbele ya kanisa?"

Kwa kamusi hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Neno likachapishwa. Siku ya mazishi nikapewa mimi kuusoma wasifu, kwa kuwa ndimi mwenye Kiingereza, nikalisoma lilivyo.

Kaburini, mchungaji huita watu kwa makundi waje kutupa udongo. Watoto hutangulia. Lakini naye alikuwa na wasifu mkononi, basi akawaruka watoto, akaita ndugu wa marehemu.

"Pastor, ngoja kidogo," nikasema. "Hujaita watoto."

Sikungoja ruhusa, nikainama, nikachota udongo, nikautupa. Nikasikia miguu nyuma yangu. Binamu zangu walikuwa wanakuja mmoja mmoja, watu wazima wenye mvi, viatu vimejaa matope ya Mwea.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Alisimama kando yangu, akaachilia udongo wake.

"Lala salama, mama," akasema.