Mzee wa Mahema

Rahabu hakuelewa. Mzee huyu jirani yake aliwapigia wawindaji mahema miaka nenda miaka rudi, na hakupotea porini hata mara moja. Lakini tangu pori lifanywe hifadhi na wote wahamishiwe kijiji cha ujamaa, kila jioni alipotea kati ya nyumba zilizopangwa mstari. Kwa hiyo kila siku, kwa vidole vyake vikavu, alivunja kijiti kibichi, akakichomeka juu ya mlango wake awe anautambua. Leo alikichomeka juu ya mlango wa Rahabu.

“Shikamoo, mzee. Hapa ni kwangu.”

“Marahaba, mwanangu.” Akatazama huku na huku. “Hivi kambi hii tunaivunja lini?”

Rahabu alitaka kucheka, akakumbuka vyungu vyake: bado vimefungwa kamba, vile vile kama vilivyoteremshwa kwenye lori lililowaleta.