Nyongeza ya Mama

Redio inasema soko sasa ni huria, na kila anayeongea humo anaongea kama mtu ambaye hajawahi kuuza hata debe moja la mpunga. Mmoja analisifu, mwingine analilaani. Mimi niliishia darasa la nne, maneno yao sina. Nilicho nacho ni mpunga wa mama yangu, na nimewaona kwa macho waliounyonya, wa zamani na wa sasa. Majina yao siandiki, watoto wao ni majirani zangu. Lakini kazi zao nitazitaja, na wenyewe watajijua.

Tulikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Baba alikufa mapema. Mama akabaki na tembe letu, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, na kipande cha mbuga cha kulima mpunga. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, mwenye duka. Debe lake alikuwa amelitanua kwa nyundo mpaka likatoka tumbo kama la mja mzito. Sote tulilijua. Hata hivyo mpunga ulitakiwa usimame juu ya debe kama kichuguu, na kichuguu kikishasimama, mama alichota tena kwa mikono miwili akamwagia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Hakuna aliyemwamuru. Kwetu, kuuza bila nyongeza ilikuwa sawa na kumpa mgeni maji huku umemgeuzia mgongo.

"Mama, leo mkono wako una njaa?" mwenye duka alimtania.

"Mkono umeshiba, bwana. Debe lako ndilo halishibi."

Walicheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwizi alikuwa, lakini nisimsingizie: alinunua siku hiyohiyo, mvua au jua, na mama alirudi na chumvi, mafuta ya taa, pengine na khanga. Mwaka mmoja akatokea mnunuzi wa pili, mtu aliyefanya biashara njia ya Puge, akaegesha gari lake bovu karibu na kisima. Wiki hiyohiyo debe lenye tumbo likatoweka dukani, likaja lililonyooka. Mwenye duka akaanza kumwamkia mama shikamoo kutoka mbali, kabla hata hajaufikia mlango. Mama alirudi nyumbani anaimba. Hapo niliuona uzuri wa soko, na asiniambie mtu kwamba haupo.

Lakini kabla mavuno hayajaisha niliwakuta wale wawili wameketi mkeka mmoja nyuma ya duka, wanakunywa kahawa kama ndugu. Msimu uliofuata gari halikuja, na debe lenye tumbo likarudi mahali pake.

Ndiyo maana baada ya uhuru, tulipoambiwa unyonyaji umekwisha na mazao yetu tutauza kwa chama chetu wenyewe cha ushirika, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nilikuwa msichana. Nilimfikiria mwenye duka na nyundo yake.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Mwenyekiti wake alikuwa baba yangu mdogo, tumbo moja na marehemu baba. Tukaacha tembe tukajenga kibanda cha nyasi. Tembe linataka watu. Lisipokandikwa paa kabla ya mvua, linaanguka, na letu lilianguka mwaka uleule. Kwenye nyasi zile kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi. Akawa na ombi moja tu duniani: mabati, kabla ya masika mengine.

"Shemeji, mabati yapo njiani," baba mdogo alimwambia. "Uza mpunga wako wote kwa chama. Atakayeuza wote ndiye atakayeezeka kwanza. Usije ukalala na mpunga chini ya kitanda kama mke wa mlanguzi."

"Mume wangu mwenyewe hayupo, mlanguzi nimtoe wapi? Labda unioe wewe."

"Nitakuoa ukishakuwa na bati."

Siku ya kuuza tulipanga foleni mbele ya mzani. Mzani ule ulikuwa wa haki, nasema tena, wa haki kabisa, sindano yake haikuwa na tumbo. Karani alipima gunia la mama, akataja uzito, mama akaitikia. Halafu, kwa mazoea, mama akainama kwenye kapu, akachota mikono miwili, akamwaga juu ya gunia.

Karani akaangua kicheko. "Mama, mzani hauli nyongeza!"

"Usinikatalie, mwanangu. Nitajisikiaje?"

Karani alicheka tena, lakini hakumrudishia. Aliuparua ule wa juu kwa kiganja, akautia kwenye kopo lake miguuni. Nyuma yetu wanawake wote wa Kwihara walifanya vilevile, maana hakuna aliyekuwa tayari kuonekana mchoyo mbele ya wenzake. Kopo likijaa lilimwagwa kwenye gunia lake, gunia likijaa lilishonwa. Jioni karani alikuwa na mpunga mwingi kuliko sisi tuliolima, na hakuwa amemwomba mtu hata punje.

Malipo tukaambiwa tungoje. Mabati yalikuja kwa lori. Yaliezeka ofisi ya kijiji, nyumba ya karani, na mwisho jiko la baba mdogo, lile ambamo wake zake walipikia pombe. Mama alimfuata.

"Shemeji, yangu yako wapi?"

"Ofisi ni ya wote, shemeji. Mvua ikinyesha, njoo ujikinge."

Alisema hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka, maana mashemeji hutaniana. Mama naye akacheka. Kisha akakohoa.

Mpunga mwingine tulikuwa nao kidogo, tumeuficha kwenye mtungi ili tumuuzie mtu wa baiskeli aliyekuwa akipita kimyakimya kuelekea Kaliua. Mgambo walikuja mchana, wakaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Hawakupekua kokote kwingine. Nani alijua habari za mtungi ule? Mtu mmoja tu aliyezoea kula kwetu, tena aliyemegewa kipande kikubwa cha kuku kwa kuwa ni shemeji. Masika yakaingia na kibanda kikatuangukia. Tulitoka hai. Kifua cha mama hakikutoka salama, na mpaka leo ukilala naye nyumba moja utakisikia.

Sasa ni ruksa kumuuzia yeyote. Mabati yamejaa madukani Tabora, hakuna wa kumwomba wala wa kumwita shemeji. Nilichoahidiwa na chama miaka nenda rudi nilikipata kwa mavuno mawili: nyumba ya mama imeezekwa, na mvua ikipiga juu yake hatusikilizani. Nikisema soko huria ni baya tupu, paa hilo litanisuta.

Lakini njooni mwone nani ananunua. Ni yuleyule karani, sasa ana lori, mwenzake ni mtoto wa yule mwenye duka. Barabara wamegawana, hii yako, ile yangu, na kwetu halifiki lori jingine. Gunia wanataka lumbesa: mpunga unashindiliwa kwa miguu, juu ya mdomo wa gunia wanafuma kilemba cha kamba na kukijaza, kisha gunia na kilemba chake vinahesabiwa gunia moja.

Mwaka huu nikakataa. Nilishona gunia langu palepale mdomoni, nikasimama nalo mbele ya nyumba.

"Hili halijafika, dada," karani akasema.

"Limefika. Gunia ni gunia."

"Soko huria, dada yangu. Hutaki, baki nalo. Kula peke yako." Akamwonyesha dereva ishara awashe gari.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mpunga hauozi. Nina paa, nikasema moyoni, nitaulaza mpaka aje mwingine, hata kama ni baada ya masika.

Ndipo mlango ukalia nyuma yangu. Mama alitoka, ameinama, anapiga filimbi kifuani, mikono yake miwili imejaa mpunga na mwingine unamdondoka miguuni. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaumwaga juu ya gunia langu lililoshonwa.

"Pokea, mwanangu," akamwambia karani. "Huyu hakulelewa hivi."

Karani akatega kofia yake, akaukomba wote.