Uwanja Uliofagiwa

Mwaka ule watu walikula ugali wa njano. Unga wenyewe tuliuita yanga, ulinuka gunia hata uupike vipi. Sisi wa Uyole tulijisaidia na viazi, ila mwanangu alikuwa amehamia Usangu na ng'ombe wake, na huko ilikuwa yanga asubuhi, yanga jioni.

Wezi wa ng'ombe walimuua kwa mkuki mlangoni kwake. Alitoka peku, katambuga zake za tairi zikabaki kizingitini.

Nilipofika nilimkuta wifi yangu, aliyekuwa akikaa na mwanangu, ameshafagia uwanja wote na kupaka samadi. Kwetu waombolezaji hawapokelewi kwenye uchafu. Alifagia huku analia, akafagia na damu.

Polisi wakaja. "Nyayo ziko wapi?"

"Tumefagia, baba. Wageni wanakuja."

Askari aliyeuliza alikaa chini kabisa, kofia mkononi. Mtu tuliyemshuku hakuwa na kidole gumba cha mguu wa kulia, unyayo wake hata mtoto angeutambua. Akakamatwa, akaachiwa. Nikawa nakutana naye mnadani, ananiambia, "Shikamoo mama." Naitikia. Ningefanyaje?

Baadaye akaja mwalimu mmoja wa chuo kutoka Iringa, suruali pana kama sketi. Alikuwa anatunga masomo ya vijana wa upelelezi, akataka zile katambuga awaonyeshe.

"Zitawafundisha nini?" nikamuuliza. "Zilikaa mlangoni, hazikuona kitu."

"Watakumbuka, mama. Wakizishika watakumbuka wasiguse."

Nikazigeuza. Mpira wa tairi ulikuwa umebonyea pale vidole vyake vilipokaa, vyote vitano, na kisigino. Darasa zima lishike, kibaki nini? Nikamwambia, "Viatu hivi havitoki. Mguu wa mwanangu umebaki humo."

Marehemu aliacha mimba. Mtoto yule wa kike leo ni mwalimu wa chuo, anawatungia wanafunzi mafunzo ya kuchimbua yaliyofutwa kwenye simu na kompyuta. Mimi niliishia darasa la pili, yeye namtaja hata kwa wauza nyanya.

Juzi alikuja kuniuliza habari za baba yake, nikamweleza yote, na zile katambuga nikamtolea azione. Akasema, "Bibi, hata sasa ni vilevile. Mtu akiuawa, ndugu wanawasha simu yake, wanafuta picha za aibu ili azikwe na heshima yake. Mimi nikifika, pameshafagiwa."

"Basi waambie wanafunzi wako yule bibi wa ufagio hakuwa mjinga. Alimpenda."

"Nitawaambia. Na viatu, bibi? Somo la kwanza tu, nitavirudisha."

Alikuwa amevipakata, kidole chake kikipita kwenye zile alama. Baba yake hakuwahi kumwona. Nikavichukua mapajani mwake, taratibu.

"Hivi havitoki. Mguu wa mwanangu umebaki humo."