Fimbo Iliyolowa na Kidole Gumba

Fimbo yangu ya kuvulia ilikuwa imelowa.

Huenda kwako hilo si neno. Kwangu lilikuwa jambo zito, kwa sababu fimbo ile niliifuta kwa mikono yangu majira ya vuli, nikaitundika gerejini, na kwa ninavyojua sikuigusa tena.

Asubuhi ile ya Aprili nilikwenda kuchukua nyundo, nikaona kishikio chake kimetota maji. Juu yake palikuwa pamenata gamba moja la samaki, jembamba, linang'aa kama ukucha wa mtoto mchanga.

Nani anavulia fimbo yangu?

Naitwa Serafim Raposo, wa hapa Warren, mji mdogo kando ya mto. Nilifundisha hisabati katika shule ya kanisa mpaka nilipostaafu, na sijapata kufuta ubao nikaacha swali lisilo na jibu.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, mjukuu wangu Idalina, niliyemlea tangu mwanangu Tadeu alipofariki, na ambaye leo ni mhandisi wa madaraja, jambo ninalolitaja kwa sababu nina haki ya kulitaja, na mchumba wake Wendell, kijana mrefu kutoka mashamba ya Nebraska, aliyekuja kukaa nasi hadi harusi ya mwezi Juni.

Hesabu haikuwa ngumu.

Lakini ilikuwa hesabu ya hatari. Jumapili ya wiki ile nilitarajiwa kutoa neno langu, kama nitamshika Idalina mkono na kumfikisha altareni. Yeye mwenyewe alikwisha kusema kwamba bila mkono wangu haolewi.

Nikaanza kuchunguza mezani, wakati wa kifungua kinywa.

"Kijana, wewe huvua samaki?"

"Mimi, babu? Hapana. Nimekulia kwenye mahindi. Kwetu maji ni ya bomba tu."

Idalina alicheka, kisha kicheko kikakatika.

Nikatupa jicho mlangoni. Buti za Wendell zilikuwa na tope jeusi la mto, bado bichi. Naye alikuwa akipiga miayo kama mlinzi aliyetoka zamu.

Nikamenya chungwa langu taratibu. Maji yake yakanichoma kidole gumba cha kulia, nikalaumu msasa niliosugulia kiti cha veranda.

Mwongo hashikwi kwa kelele. Mwongo hupewa kazi anayodai haijui, kisha ukamtazama mikono.

Siku iliyofuata nikamwambia, "Vaa koti. Nataka kukununulia fimbo, zawadi ya harusi. Utachagua mwenyewe."

Akamtazama Idalina. Idalina akatazama kikombe chake.

Duka la vifaa vya uvuvi ni la Lurdes Correia, ambaye nilimfundisha kugawanya kwa desimali, naye hakupenda hata siku moja. Tulipoingia aliinua kichwa.

"Mwalimu, leo te..." Akasita. Jicho lake likaenda kwa Wendell, likarudi. "Leo umependeza."

Nililiona jicho lile. Nikaliweka akilini.

"Natafuta fimbo nyepesi," nilisema, "ya besi milia wadogo, samaki hawa wa mwanzo wa..."

"Futi saba, ncha laini, shina lenye nguvu, ya kurushia chambo chepesi cha mpira," akanimalizia.

"Sijamaliza kusema."

"Mwalimu, mimi nauza fimbo. Ukiingia hapa Aprili utataka nini, mwavuli?"

Wendell alicheka. Walicheka pamoja, kama watu waliokwisha kucheka pamoja siku nyingine. Na mimi sikuwa nimewatambulisha.

"Chagua," nikamwambia kijana.

Mtu asiyevua huchagua kwa rangi. Lurdes alikuwa na fimbo nyekundu na nyingine za buluu zinazometameta, zilizowekwa mbele mahususi kwa watu wa namna hiyo. Wendell alizipita zote kama hazikuwapo.

Akashika moja, akaitikisa, ikacheza hadi karibu na kishikio. Akairudisha.

"Hii imelegea mno. Samaki atapigana mpaka nguvu zimwishe, na sheria inataka wadogo warudishwe. Utakuwa unarudisha maiti majini."

Akashika nyingine, nene. "Hii nayo ya kuvutia ng'ombe. Chambo chepesi hakitafika popote, na besi mdogo utamchana mdomo."

Ya tatu aliigusisha ncha yake darini, akaikandamiza polepole. Ncha ikainama, shina likagoma. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hii, babu."

Ndiyo hasa niliyoikusudia. Lakini si fimbo iliyonisimamisha nywele. Ni maneno. "Utakuwa unarudisha maiti majini." Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia Tadeu alipokuwa mdogo, pale mtoni, chini ya daraja la zamani la reli.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Mzee mmoja. Mtoni."

"Ulisema huvui."

"Sivui, babu."

"Mzee gani?"

Akainamisha kichwa. "Mzee mmoja mwema sana."

Lurdes aligeukia dirishani, akaanza kufuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Nililipia ile fimbo, lakini sikumkabidhi. Niliifungia kabatini kama kielelezo cha kesi. Sasa nilikuwa na watuhumiwa wawili, pengine watatu, kwa maana minong'ono ya Idalina na Wendell ilikufa kila nilipoingia chumbani.

Jumapili ikafika. Idalina alipika supu ya sukuma wiki na soseji, na mkate mtamu ulikuwa katikati ya meza. Tulipokwisha kusali nikaenda gerejini, nikaleta ile fimbo ya zamani. Ilikuwa imelowa tena.

Nikailaza kando ya mkate.

"Katika nyumba hii," nilisema, "kuna mtu anachukua mali ya mwenzake bila kuomba, kisha anaketi mezani na kusema haijui. Mtu wa namna hiyo sitampa mjukuu wangu. Nani amevulia fimbo hii?"

Supu ilifuka moshi. Hakuna aliyegusa kijiko.

"Ni mimi, babu," alisema Wendell.

"Wendell, acha," Idalina alimwambia.

"Tulia, Ida. Ni mimi. Niliichukua bila ruhusa. Nisamehe, babu."

"Unajua hilo linamaanisha nini? Kwamba sitasimama naye kanisani?"

"Najua. Ikibidi tutasubiri."

Nilipaswa kuridhika. Sikuridhika. Nimewahoji wavulana wengi waliovunja madirisha, na mkosaji wa kweli huanza kwa kulaumu mpira. Huyu hakulaumu chochote. Alikuwa kama mwanafunzi anayesoma jibu alilolinakili kwa jirani.

"Lete mkono wako wa kulia," nikamwambia. "Nataka kuona kidole gumba."

Watu wa mto huu wanajua kwa nini. Besi milia hana meno ya kutisha; mdomo wake ni msasa mtupu. Ili kumtoa ndoana, unamshika taya la chini kwa kidole gumba, naye hukikwangua anavyotaka. Ndiyo maana kanisani kwetu, majira ya kuchipua, wakati wa kutakiana amani ndipo tunapojuana. Ukishikana mkono na mtu, unajua papo hapo nani amepata samaki na nani ana mdomo tu.

Wendell akanyoosha mkono.

Kidole chake kilikuwa laini kama mshumaa.

"Wewe hujashika hata besi mmoja," nilisema. "Kwa nini unajisingizia?"

Nikamgeukia Idalina ili yeye anijibu, nikaona anatazama. Hakuwa akitazama mkono wa Wendell. Alikuwa akitazama wangu.

Nami nikautazama.

Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa chekundu, kimekwanguka, mikwaruzo mipya juu ya mikwaruzo ya jana. Si kazi ya kiti cha veranda. Kile kiti nilikimaliza kabla ya Pasaka, na Pasaka ilikwisha kupita.

Niliketi.

"Tangu lini?" niliuliza, na sauti haikuwa ile ya darasani.

"Tangu samaki walipoanza kuingia," alisema Wendell. "Nilisikia mlango alfajiri. Nikakufuata, nikihofia utateleza kwenye mawe. Uliponiona ukaniambia nikushikie koti. Halafu ukaanza kunifundisha. Fimbo, chambo, kila kitu. Mimi sijavua, babu. Nashika koti tu."

"Nikakuambia nini kuhusu fimbo?"

"Kwamba ikilegea mno, utakuwa unarudisha maiti majini."

Idalina alikuwa akilia bila sauti. Akasema, "Daktari anatusubiri Jumanne. Tulitaka kukuambia baada ya hapo. Wendell aliogopa kwamba ukijua, utaacha kwenda mtoni."

"Na Lurdes?"

"Ulikuwa unaenda dukani kwake karibu kila siku, babu, Wendell nyuma yako, kuuliza fimbo ileile. Kila mara anakujibu kama ndiyo umeingia mara ya kwanza."

Nilimgeukia kijana.

"Pale mtoni. Nilikujua kwamba ni wewe?"

Akaitazama ile fimbo iliyolowa.

"Hapana. Uliniita Tadeu."

"Nawe ukaitika?"

"Niliitika, babu. Ulikuwa na furaha sana."

Nilinyanyuka, nikafungua kabati, nikaleta ile fimbo mpya, nikaiweka mikononi mwake.

"Kuanzia kesho unavua. Koti langu nitalivaa mwenyewe. Na ukitupa ndoana kabla ya kuminya kijino chake kinachomchana samaki, harusi hakuna."

"Sawa, babu. Ulishaniambia."

"Najua," nilisema, ingawa sikujua.

Ugonjwa wangu una jina, daktari alilitamka vizuri, nami sioni sababu ya kuliandika hapa. Juni nilimshika Idalina mkono hadi altareni bila kukosea hata hatua moja. Haya nayaandika asubuhi, wakati akili bado inanitii, na yale nisiyoyakumbuka wamenisimulia wao wawili.

Mimi niliyezoea kusahihisha makosa ya wengine nawaachia neno moja. Kushuku si dhambi. Macho tulipewa tuyatumie. Ila kabla hujamwambia mwenzako anyooshe mkono, tazama kwanza kidole chako.

Siku hizi, kanisani, nikimtakia Wendell amani, kidole chake kinakwaruza changu. Nafurahi kuliko ninavyoonyesha.

Naambiwa kuna asubuhi ambazo bado namwita Tadeu.

Naambiwa pia kwamba naye huitika.