Tuta la Juu ya Kisima cha Bi Riziki

Naikumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimesimama mbele ya karani wa majengo kwa mara ya tatu, buibui limenilowa jasho, naye ananiuliza: "Na huko chini maji yanakokwenda, kuna nini?"

Nakueleza haya kwa sababu jana uliingia kwangu umefura kama andazi, ukaitupa fomu yako ya kusawazisha kiwanja juu ya mkeka wangu, ukasema ati sisi wa zamani tulijenga tu bila kumuuliza mtu. Nani alikudanganya?

Vita vile vikuu vilikuwa vimekwisha juzijuzi. Babu yako Athumani, mume wangu, alikuwa baharia wa meli, kaniachia kiwanja chetu hapa Timbwani, Likoni, na neno moja: "Nikirudi nataka kulala kwangu." Kiwanja chenyewe mteremko mtupu, ukitua sufuria, linakwenda zake. Ilibidi upande wa juu ukatwe, pasawazishwe, ndipo nyumba isimame. Na wakubwa wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ardhi haikatwi bila karatasi.

Basi nikavuka feri kwenda mjini, ofisini kwa karani. Mara ya kwanza karani hayupo. Mara ya pili yupo, lakini mchoro wangu hauna mshale wa kuonyesha maji ya mvua yanapopita. Mshale! Nikamwambia, "Bwana, maji yanakwenda chini. Wewe umeyaona wapi yakapanda?"

"Bibi, chora mshale."

Nikarudi Likoni kwa ajili ya mshale. Mara ya tatu ndiyo hiyo Jumatatu. Nikamjibu kwamba huko chini kuna kisima cha Bi Riziki. Aliposikia kisima, kalamu akaiweka. Hakuna kibali mpaka mkaguzi aje aone kwa macho yake. Wallahi nilitamani kumpiga na kiatu!

Mkaguzi akaja na kamba na vigingi, akapima, akaenda zake. Mara ya nne ndipo nikapewa karatasi. Karani akanisomea, maana kusoma kwangu ni kwa msahafu tu. Nimeruhusiwa kukata, lakini udongo wote niufanye tuta upande wa chini, baina ya kiwanja na kisima, likae hapo kwa muda, lisiguswe mpaka nyumba iezekwe na mfereji wa maji uchimbwe.

"Umesikia, bibi?"

"Masikio ninayo."

Jeuri hiyo, mwanangu, ndiyo iliyonila.

Tukakata, tuta likasimama, jekundu, linanifika kiunoni. Boriti zikasimikwa, fito zikafungwa, paa likaezekwa, mfereji bado. Ikafika siku ya kukandika. Majirani wamejaa, chungu cha wali kiko motoni, kelele na vigelegele, na udongo unatakiwa. Nikalitazama lile tuta. Udongo mzuri, umeshachimbwa, uko hatua kumi tu. Nikachimbe mwingine wa nini? Nikawaambia watu wachote.

Bi Riziki akapanda kutoka kwake, ndoo mkononi. Alikuwa mjane, mtu mzima kunipita mbali, na kisima chake ndicho chenye maji matamu. Vingine vya karibu vilikuwa vya chumvi, mtaa mzima tukiteka kwake. Akasema, "Mwanaisha, hilo tuta si uliambiwa liachwe?"

"Bi Riziki, udongo ni wangu, umetoka kiwanjani kwangu. Wale wa ofisini walitaka uwe na mahali pa kukaa. Haya, sasa unakaa ukutani."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mimi nimeshasema mbele ya watu," akajibu, akateremka.

Siku ya nne, saa mbili za asubuhi, mvua. Si manyunyu, mvua ya masika yenyewe. Nimesimama mlangoni nikayaona maji yanashuka kutoka pale tulipokata, mekundu, mazito, yanapita njia ile ile ya mshale niliouchora kwa mkono wangu mwenyewe. Yakaingia kisimani bila hata kupinda.

Mvua ilipopungua kidogo, Bi Riziki alipanda na ndoo. Akaitua mbele yangu, akachota kwa kata. "Kunywa."

"Bi Riziki, nisamehe."

"Kunywa kwanza. Hayo ndiyo nitakayotawadhia leo."

Nikapiga funda moja. Mchanga ukanilia menoni.

Na wingu jingine hilo linakuja. Nikate tena mlima nipate udongo? Ningezidisha balaa. Nikachukua jembe, nikaushukia ukuta wangu wa mbele, ule nilioulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Nikaubomoa. Karai kwa karai nikaurudisha udongo chini, Bi Riziki anaupokea, anaushindilia kwa miguu. Kisha siku sita za kuteka matope kisimani, mtaa mzima unanitazama.

Mkaguzi aliporudi akaona tuta liko, akaona fito tupu. "Bibi, ukuta uko wapi?"

"Huo unaoukanyaga."

Na Athumani aliporudi alilala kwake kweli, nyuma ya mkeka uliotundikwa, kuku wanamchungulia.

Sasa nisikilize. Makarani wanachosha, simtetei hata mmoja. Lalamika, njoo hapa unywe kahawa, tuwaseme pamoja mpaka koo zikauke. Lakini kesho panda feri, hata kama ni mara ya tano. Chora huo mshale, kisha uufuate kwa miguu yako ushuke uone unaishia kwa nani. Kilichoandikwa kikae kwa muda, kikae mpaka muda wake uishe, hata kikikuudhi kila ukifungua mlango. Na jirani akikuambia jambo mbele ya watu, tua jembe kwanza, kucheka baadaye.

Mwenyezi Mungu akusimamishie nyumba yako, mwanangu, kuta zote nne. Na wa chini yako ateke maji safi, akutajapo akutaje kwa dua.