Gorogoro Iliyobonyezwa Kitako

Ile kesho yangu ilinigharimu msamaha mmoja. Miaka ya tisini, huko Majengo, mimi na mama wa kibanda cha pili tulipima mchele kwa gorogoro, mikebe tuliyoibonyeza kitako ili ipunje kidogo. Jumapili moja mahubiri yalituchoma. Mama akatoka kanisani, akazunguka kwa wateja akiwaongezea mchele na kuomba radhi.

“Na wewe?”

“Kesho, mama.”

“Ati kesho? Hiyo umeipima na gorogoro gani?”

Jioni alirudi na mfuko mtupu, anaimba. Sijaona mchuuzi tajiri kama yule.

Mimi nilienda Jumatano. Nyanya niliyempunja zaidi alikuwa amezikwa jana yake. Nishaurini, ndugu: nimwombe nani radhi?